Bi Sentimita na Mbao Iliyofuata Maji

Saa moja kasorobo asubuhi. Mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha bluu kichwani anavua ndala, anazipanga pembeni zikiwa zimeelekea nyumbani, anakunja sketi na kuichomeka kiunoni. Kisha anaingia majini.

Anakwenda polepole kwa sababu ya goti la kushoto. Ni hatua ishirini, tope linamvuta kisigino kila hatua, mpaka anaifikia nguzo iliyopigiliwa mbao nyeupe. Mbao ina urefu wa mita moja na imeandikwa namba kwa rangi nyeusi, sifuri chini, mia juu.

Bata wawili wanapita na kuacha mawimbi. Hasomi. Anasubiri, mkono kiunoni.

"Tulieni basi na nyinyi," anawaambia bata. "Watu tuna kazi."

Maji yanapotulia anainama mpaka jicho linakaribia uso wa maji. Anatazama yanapopanda, anatazama yanaposhuka, anachukua katikati. "Ishirini na mbili," anasema kwa sauti, na anairudia njia nzima mpaka ukingoni ili isimtoke.

Daftari liko kwenye mfuko wa nailoni, kalamu imefungwa kwa uzi. Anaandika tarehe, anaandika saa, anaandika 22. Halafu anaandika jambo ambalo kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuliandika: mbao iko shimo la nane, hatua 211 kutoka ukuta wa darasa.

"Hayo maneno ya mwisho," anasema akijipangusa miguu, "ningeyaandika tangu mwanzo, leo ningekuwa napata usingizi."

Ana miaka hamsini na minane. Jina lake la nyumbani watu wameshalisahau. Sokoni, shuleni, kwa kinyozi, wote wanamwita Bi Sentimita. Akinunua kitambaa, muuzaji anamtania: "Pima mwenyewe, bibi, nisije nikakuibia." Zamani alikuwa anacheka. Siku hizi anatabasamu tu na kulipa.

Kazi yake ni kusoma kimo cha maji mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na kutuma namba kwa simu kila Ijumaa kwenye ofisi ya maji, na masika kila siku. Sikukuu anasoma. Akiwa na homa anasoma. Posho ya mwezi inanunua gunia moja la mkaa, lita tatu za mafuta ya kupikia na sabuni, halafu imekwisha. Mumewe, aliyekuwa fundi baiskeli, alifariki miaka tisa iliyopita. Anaishi na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo upande wa pili wa ukuta wa shule.

Maji yenyewe ndiyo yenye taabu, kwa sababu hakuna anayejua ayaiteje.

Masika, watu wanasema "ziwani". Kiangazi, mahali hapo hapo panaitwa "kwenye matope". Mwenye ng'ombe anasema bwawa. Kwenye orodha ya ofisi ni bwawa namba 213, na hapo ndipo hadithi inapoanza kuuma, kwa sababu ofisi ina mambo inayoyafanya kwa ziwa na haiyafanyi kwa bwawa.

Ziwa linapata kivuko cha miguu mahali watu wanapokatiza. Linapata bango la hatari na mlinzi wa maji mwenye kamba na boya. Bwawa halipati kitu.

Na ziwa ni nini? Mwandishi aliuliza swali hilo ofisini na shuleni, na akapata majibu tofauti kila alipogonga mlango. Duniani hakuna kipimo kimoja ambacho wote wamekubaliana. Kila nchi, na wakati mwingine kila ofisi, inachora mstari wake. Ofisi hii imechora hivi: maji yakiwa na eneo la eka hamsini au zaidi kwa nusu ya mwaka, ni ziwa. Yakipungua hapo, ni bwawa.

Orodha hiyo hurekebishwa kila baada ya miaka kumi. Jumatano ijayo kamati inakaa kuirekebisha. Wakiipita namba 213 bila kuigusa, shule hii itangoja miaka kumi mingine.

Ushahidi mkubwa walio nao wanakamati mezani ni madaftari ya Bi Sentimita. Na madaftari ya Bi Sentimita, kama anavyosema mwenyewe, hayasemi kweli.

Tumwache aeleze.

"Walipoichimbia ile mbao mara ya kwanza, waliiweka pale," ananyoosha kidole mahali palipokauka, nyasi zimeshaota. "Mwaka wangu wa kwanza, kiangazi kikaingia. Maji yakaondoka, yakaiacha mbao imesimama nchi kavu kama mlinzi wa shamba. Nikaandika 'hakuna'. Kesho yake 'hakuna'. Siku kumi na tisa, 'hakuna, hakuna'. Ijumaa napigiwa simu."

Karani wa ofisi alikuwa na haraka. Alimwambia, "Mama, safu hii haili maneno, inakula namba."

Bi Sentimita alijua kilichompata mzee aliyemtangulia. Mzee yule aliondolewa kwa kuacha nafasi wazi kwenye daftari. Basi asubuhi iliyofuata akaazima jembe, akaing'oa nguzo, akaibeba begani mpaka maji yalipo, akaichimbia upya. Akasoma. Akaandika namba. Simu ikanyamaza.

"Nilifurahi," anasema. "Nilijiona nimeokoa kazi."

Masika yalipofika, maji yakarudi juu na kutaka kuizamisha mbao. Akaing'oa tena akairudisha nyuma. Alijiwekea utaratibu wake: maji yakifika themanini na tano anahama, kwa sababu yakizidi hapo yanamfika kiunoni na goti halitaki. Mwaka ukazunguka, mbao ikawa inapanda na kushuka pamoja naye. Maji yakienda, mbao inafuata. Yakija, mbao inakimbia mbele.

Kwa miaka kumi na moja namba zake hazikushuka chini ya ishirini wala hazikufika tisini. Ofisini wakafungua madaftari wakaona maji yametulia, hayana fujo, kijibwawa chenye adabu. Wakachukua picha moja iliyopigwa kutoka angani wakati wa kiangazi, wakapima eka thelathini na moja, wakafunga faili. Bi Sentimita wakampa cheti cha msomaji bora, mara mbili.

Vyeti hivyo viko ukutani sebuleni kwake, ndani ya fremu. Vimegeuzwa, vinatazama ukuta.

"Sikuvishusha," anasema. "Vikishuka ukuta unabaki na alama nyeupe mbili, na wageni watauliza."

Anayesoma hapa akumbuke kwamba hakuna aliyemfundisha. Alipewa mbao, daftari na kalamu mbili. Hakuambiwa kwamba mbao ya kupimia maji ni kama ukuta wa nyumba, haihami. Yeye alidhani kazi yake ni kupata namba.

Lakini kuna jambo jingine ambalo hakuambiwa, na hili ndilo lililomfikia mtoto wa mtu.

Kati ya mtaa wa mafundi na shule kuna njia ya mkato. Kiangazi ni njia ya vumbi, watoto wanakimbizana juu yake. Masika, mkono mmoja wa maji unaingia na kuifunika. Watoto wanavua viatu, wanapita. Wanaoona maji yanatisha wanazunguka barabara ya juu, mwendo wa saa nzima.

Ofisi na shule walikubaliana sheria moja tu: mbao ikisoma tisini, njia ya mkato ifungwe, watoto wote wapite barabara ya juu. Sheria nzuri. Mwalimu mkuu aliibandika mlangoni kwake. Ila aliyesoma mbao hakuambiwa.

"Hakuna aliyenijulisha kwamba tisini ina maana," anasema Bi Sentimita. "Mimi nilikuwa naikimbia tisini kwa ajili ya goti."

Masika yaliyopita, Jumanne moja, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mwalimu mkuu aliona maji yamekaribia ukuta wa darasa, yamebakiza kama hatua thelathini. Akapiga simu ofisini saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Nikauliza, njia inapitika?" anakumbuka mwalimu mkuu. "Karani akaniambia, subiri nitazame namba aliyotuma jana alasiri. Akasema arobaini na tatu. Nikamwambia, una uhakika? Akasema, mwalimu, huyu mama hajawahi kukosea, ana vyeti."

Njia haikufungwa.

Arobaini na tatu ilikuwa kweli ya mbao. Siku chache kabla, Bi Sentimita alikuwa ameivuta hadi karibu kabisa na shule. Mbao ingebaki pale ilipochimbiwa siku ya kwanza, asubuhi hiyo maji yangekuwa yameipita juu, yamefunika hata ile mia.

Katikati ya njia, wafyatua matofali walikuwa wamechimba udongo wakaacha bonde. Maji hapo yalikuwa sentimita mia moja na arobaini. Binti wa fundi cherehani, darasa la pili, ana urefu wa mita moja na robo.

Alishika viatu mkononi kama kila siku. Rangi ya maji ilikuwa ya chai ya maziwa, chini hapaonekani. Wenzake wawili waliokuwa nyuma walimwona akienda, maji magotini, maji kiunoni, halafu hawakumwona.

Muuza mkaa aliyekuwa anasukuma baiskeli alisikia ukelele wao. Aliitupa baiskeli na magunia yake yote, akaruka, akamkamata mtoto mguu. Alimtapisha maji ukingoni. Mtoto akalia, na mama mmoja aliyekuwepo anasema hajawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Kiatu kimoja hakijapatikana mpaka leo.

Mtoto yu hai, anaenda shule, anapita barabara ya juu. Ila nyumbani hataki beseni lijae. Mama yake anamwogesha kwa kikombe, na akizidisha vikombe viwili kwa haraka, mtoto anamshika mkono.

Bi Sentimita alisikia habari hizo siku ile ile kama watu wote. Alipika uji akampelekea mgonjwa. Alisema pole kama wengine. Haikumjia kwamba mkono wake umo ndani.

Ilimjia mwezi mmoja baadaye, kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu alipokuwa anajitetea. Alisema, "Wazazi, mimi niliuliza, nikaambiwa arobaini na tatu, na sheria inasema tisini."

"Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma," anasema. "Nikainuka kama ninayekwenda chooni, nikaenda nyumbani. Nikafungua daftari. Nikatafuta tisini. Mwaka huu hakuna. Mwaka jana hakuna. Nikafungua kabati lote. Hakuna tisini hata moja."

Kulikuwa na njia ya kunyamaza. Hakuna aliyekuwa na shaka naye. Alinyamaza siku tisa, kisha akaenda kwa fundi cherehani.

Fundi cherehani ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anashonea sare kwenye kibanda mbele ya nyumba. Ndiye aliyemsimulia mwandishi mazungumzo hayo, na Bi Sentimita alikuwa amekaa pale pale, anasikiliza kichwa kimeinama.

"Nikamwambia karibu, dada. Umeleta sketi?"

"Sikuleta sketi. Nimeleta maneno."

"Nikamtania, yapime kwanza, Bi Sentimita."

Hakucheka. Akaeleza yote: mbao, goti, jembe, themanini na tano. Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Rudia."

Akarudia.

"Kwa hiyo mwanangu alizama kwenye arobaini na tatu?"

"Alizama kwenye mia na arobaini. Arobaini na tatu ilikuwa ya mbao."

"Na mwalimu akaambiwa arobaini na tatu."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Fundi anasema alikuwa na mkasi mkononi, akauweka chini kwa sababu hakuuamini mkono wake. "Siku ile ya maji angeniambia, sijui. Lakini mwezi ulishapita, nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Nikamwambia nenda ukawaambie ofisini. Akaniambia, nitafukuzwa. Nikamwambia nenda hivyo hivyo. Ukirudi huna kazi, njoo nikufundishe kupinda nguo."

Mwandishi anamuuliza: umemsamehe?

Fundi anatia uzi kwenye sindano kwanza. "Bado. Lakini salamu yake naitikia."

Bi Sentimita alikwenda ofisini na madaftari ya miaka mitatu, mengine yakiwa yameshachukuliwa na ofisi. Mkuu wa ofisi alimsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, bwana yule alikaa.

"Mama," akasema, "umetuharibia miaka kumi na moja."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja."

Hakufukuzwa hapo hapo. Aliambiwa aendelee kusoma mpaka kamati ikae, barua itafuata. Na mbao asiiguse tena bila kuandika ilipo. Tangu siku hiyo kila simu ikilia anashtuka.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilimtuma mpimaji, msichana mwenye darubini ya miguu mitatu na kofia kubwa. Alikuja kupima eka upya, hakuja kwa ajili ya daftari. Alizunguka ukingo, akaifuata alama ya tope ambayo masika yameiacha kwenye miti na kuta, akapata kwamba kiangazi maji haya ni eka thelathini na moja kweli, lakini masika yanafika mia moja na arobaini.

Swali likabaki moja: kati ya hapo, yanakaa mapana kwa miezi mingapi? Maana orodha inataka nusu mwaka. Na kinachoweza kulijibu ni daftari, na daftari limeharibika.

Mpimaji alikuwa anakunja vyombo vyake alipojikwaa. Akatazama chini, akaona vipande vya tofali jekundu vimeshindiliwa kwenye udongo, mviringo kama sahani.

"Hiki nini, bibi?"

"Shimo langu."

"Shimo la nini?"

"La mbao. Nikiing'oa naacha shimo, na mbuzi wa watu watavunjika miguu. Kwa hiyo naliziba kwa tofali. Nikirudi naliziba jingine, hili nalizibua."

"Kwa hiyo unarudi shimo lile lile?"

"Sasa mimi na goti hili nichimbe jipya kila mara? Udongo wa shimo la zamani ni laini. Yapo tisa tu."

Mpimaji, wanavyosimulia wote wawili, aliweka kofia chini akakaa juu ya nyasi.

Walitembea pamoja kutoka ukuta wa darasa kuelekea maji, bibi mbele, msichana nyuma na kamba. Shimo la kwanza, hatua hamsini. La pili, sabini na tatu. La nne hawakulipata, limeliwa na bonde la wafyatua matofali. La tano ndilo la ofisi, la siku ya kwanza. La saba lilikuwa ndiyo kwanza linatoka majini, tofali zake zinang'aa. La nane lina mbao ndani. La tisa bado limezama.

Kisha mpimaji akauliza, bila matumaini makubwa, kama kuna mahali aliandika siku alizohama.

Bi Sentimita alimwonyesha daftari. Pembeni ya baadhi ya namba kuna kinukta cha kalamu.

"Hiyo ni siku niliyobeba nguzo," alisema. "Sikuandika kwa ajili ya ofisi. Niliweka ili nikiumwa mgongo kesho yake nijue sababu."

Mpimaji alieleza jambo hilo kwa mwandishi kwa lugha nyepesi. Penye nukta, namba ikiruka chini ghafla, mbao imepanda shimo moja kuelekea shule. Ikiruka juu, imeshuka moja kuelekea maji. Ukijua kimo cha kila shimo, unaweza kuzirudisha namba mahali pake, moja moja, kama mtu anayefumua sweta. "Ni kazi ya kuchosha," alisema, "na shimo la nne tunakisia. Nimemaliza madaftari matatu tu. Hayo matatu yanaonyesha maji yanakaa juu ya eka hamsini miezi saba kwa mwaka. Kamati ikikubali hesabu hiyo. Siwezi kuahidi."

Miezi saba ni zaidi ya nusu mwaka. Kwa hesabu hiyo ni ziwa. Ila kamati ina haki ya kusema haitaki kusikia nukta za mama wa watu.

Nyumbani, mjukuu ana zoezi la shule. Amechora jedwali la maziwa ya duniani kwenye daftari lake, kubwa mpaka dogo. Bibi anamenya viazi, anasikiliza nusu nusu.

"Bibi, Viktoria na Tanganyika, kubwa lipi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Viktoria. Kwa upana. Lakini Tanganyika ni la kina, na maji yaliyomo ni mengi kuliko ya Viktoria, mara kadhaa."

"Sasa si ndilo kubwa?"

"Inategemea unauliza nini. Na kuna Bahari ya Kaspi, imezungukwa na nchi kavu pande zote, wengine wanasema ni ziwa, kubwa kuliko yote duniani. Lakini inaitwa bahari."

"Na letu?"

Mtoto anapekua. "Letu halimo, bibi."

Bibi anaosha kiazi kimoja muda mrefu kuliko kinavyohitaji. "Hilo swali lako la upana na kina," anasema. "Mwalimu hajawauliza ni lipi mtoto anaweza kufia?"

"Hapana."

"Ni lolote lenye kina kinachozidi urefu wa mtoto. Andika hiyo pembeni."

Mtoto analitazama jedwali lake, anatafuta safu ya kuiandika. Haipo. Anaandika pembeni.

Sasa wazazi, hasa akina mama mnaoamka kufunga mikoba ya shule, sikilizeni. Leo njia ya mkato ni kavu. Watoto wanaipita wakipiga danadana, na ukiwaambia habari za maji wanakuona mwoga. Hata sisi wakubwa tumeshaanza kusahau. Bonde la matofali halijafukiwa. Limeongezwa, kwa sababu kiangazi ndio wakati wa kufyatua.

Usimruhusu mtoto kwa sababu umesikia ni bwawa tu, ni kidimbwi, halimo hata kwenye kitabu. Jina la maji hupangwa mezani na watu ambao miguu yao ni mikavu. Usitosheke na namba uliyoambiwa kwa simu. Uliza imepimwa wapi. Chukua fimbo, nenda mwenyewe, ichomeke, halafu iweke kando ya mtoto wako uone alama ya maji inamfika wapi. Ukikuta inamfika kifuani, mwamshe saa moja mapema apite barabara ya juu. Atanuna. Mwache anune.

Na kama kazi yako ni kuandika namba za aina yoyote, na siku moja hakuna namba, andika kwamba hakuna. Wakikupigia simu, wapigie na wewe.

Bi Sentimita hana hakika kama Jumatano itamwacha na kazi. Tayari amekwenda mara mbili kwa fundi cherehani kujifunza kupinda nguo. "Anashona kama anapima," fundi anasema. "Nusu saa pindo moja. Lakini limenyooka."

Hata hivyo ana mpango, na mpango huo hausubiri kamati. Amenunua mbao, za kawaida, kwa seremala. Amepaka rangi nyeupe nne, bado tano. Mjukuu ndiye anayechora namba kwa sababu mkono wa bibi unatetemeka kwenye mistari midogo. Anataka kila shimo lipate mbao yake kabla ya mvua, la nne likichimbwa upya kando ya bonde, tisa kwa mstari mmoja kutoka majini hadi karibu na shule, na kila moja ishindiliwe kwa tofali na saruji isiweze kung'oka.

"Hata mimi mwenyewe nikitaka, nishindwe," anasema.

Maji yakija yatazikuta zimesimama. Yatazamisha moja, yataingia nyingine, na mtu yeyote akisimama mlangoni pa darasa atahesabu zilizobaki, bila simu, bila karani. Mwalimu mkuu amekubali. Kwenye ile sheria mlangoni kwake amefuta tisini, na mahali pake ameandika: zikibaki mbao tatu nje ya maji, njia imefungwa.

Saa kumi alasiri anavua ndala tena, anazipanga zimeelekea nyumbani. Anaingia, anasubiri, anainama. Ishirini na moja. Anatoka akiirudia namba mdomoni, anaandika, anaandika na mahali.

Fundi cherehani anapita na furushi la sare kichwani, binti yake akiwa upande wa mbali na maji.

"Dada, zimebaki ngapi?" anauliza fundi.

"Tano. Nikipata rangi, na ya kumi."

"Si ulisema mashimo tisa?"

"Ya kumi naichimbia mlangoni kwangu," anasema Bi Sentimita, akifunga mfuko wa nailoni. "Yakifika pale, nataka niwe wa kwanza kuyaona."